Seva mbili za Red Hat zinapokezana usajili: nikisajili hii, ile inadondoka. Tatizo nini?

#1 Fundi Mchundo
Wakuu habari. Nina seva mbili za Red Hat Enterprise Linux 9, zote mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta halisi). Moja inabeba mfumo wa hesabu, nyingine hifadhidata. Jina la taasisi silitaji. Jumatatu nilikaa nisajili ile ya hesabu ianze kupata viraka (masahihisho ya programu), maana mkaguzi wa ndani ameshaanza kuuliza maswali. Nikaandika:

`subscription-manager register --force`

Nikaweka jina na neno la siri, ikakubali, ikanipa ile namba ndefu ya utambulisho. Nikahamia kwenye ya hifadhidata na kikombe changu cha chai mkononi, nikapiga `dnf update` ivute viraka, ikagoma. Kosa 410, wasifu wa mashine hii umefutwa. Seva hiyo haijawahi kunisumbua tangu ifungwe (isakinishwe)! Nikaisajili kwa amri ileile, ikakubali. Jumanne asubuhi ya hesabu imelala. Nikaiamsha. Jumatano ya hifadhidata imelala. Kama wake wenza wanaopeana zamu.

Leseni tunazo mbili, zimelipiwa na hazijaisha. Wajuzi mje.

#2 Ngoja Ngoja
Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

#3 Babu Terminali
Kijana, kusajili peke yake hakutoshi. Ukishasajili lazima uiambatishe mashine na leseni: `subscription-manager attach --auto`. Usipofanya hivyo mashine inajulikana jina tu lakini haina haki ya kushusha kitu. Halafu fungua /var/log/rhsm/rhsm.log utuletee mistari ya mwisho hapa, tuache ramli.

#4 kaskazi2
Babu #3, shikamoo, ila hiyo ya kuambatisha ilishapitwa na wakati. Akaunti mpya zilianza kuwekwa kwenye utaratibu wa Simple Content Access mwaka 2022, na kufikia mwisho wa 2024 hata zile za zamani zilihamishiwa huko. Mashine ikishasajiliwa tu inaona ripo (hazina za programu) zote ambazo akaunti ina haki nazo. Ukipiga attach siku hizi inakujibu kwamba imepuuza ombi lako. Kwenye toleo la 10 amri yenyewe imeondolewa.

Na tuache kuiita leseni. Programu ni huria. Kinacholipiwa ni huduma: viraka, msaada na haki ya kushusha kutoka kwenye hazina yao.

#5 Babu Terminali
Marahaba. Nimekubali, mimi nimezeeka na attach yangu. Nyie hamkukuta enzi za up2date na rhn_register, zana za zamani za kusajili na kuvuta viraka. Ule mtandao wa zamani wa Red Hat ulifungwa Julai 2017, na mimi nilikuwa bado nina seva tatu za toleo la 5 zinaulilia.

Ila neno leseni nitaendelea kulitumia. Mhasibu wangu ukimwambia "huduma ya haki ya kushusha" hasaini cheki.

#6 Mama Ripo
Fundi, hizo seva ni mapacha. Mtu alisakinisha moja, akaisajili, akaikloni (akainakili nzima) kupata ya pili. Angalia ndani ya /etc/pki/consumer/ kuna cert.pem na key.pem. Hicho ndicho kitambulisho cha mashine. Ukikloni diski, umekloni na kitambulisho. Kule kwenye portali (tovuti ya Red Hat ya kusimamia usajili) inaonekana mashine moja, huku chini ziko mbili, na zinaweza kuishi hivyo miaka bila mtu kugundua, kwa sababu zote zina cheti halali.

Sasa wewe ukaja na `--force`. Watu wanadhani maana yake ni "kubali kwa nguvu". Kumbe inafuta kwanza usajili wa zamani kwenye portali, ndipo inaandika mpya. Umefuta kitambulisho cha hesabu, na pacha wake alikuwa anatembelea hichohicho. Ndiyo hiyo 410: alikuwepo, amefutwa.

Piga `subscription-manager identity` kwenye zote mbili ulinganishe namba.

#7 Fundi Mchundo
Asante Mama Ripo. Lakini mimi sijakloni. Zimefungwa kwa nyakati tofauti, moja 2022, nyingine mwaka uliofuata.

#8 Mama Ripo
Umezifunga wewe kwa mkono wako, au ni kampuni iliyowauzia?

#9 Fundi Mchundo
Kampuni. Nilikuta tayari zinawaka.

#10 Mama Ripo
Haya basi. Wana mashine ya mfano kwenye flashi, wanaimwaga kwa kila mteja.

#11 Mswahili wa Maskati
Mimi nasema saa. Mwenye tatizo hili angalia saa kabla ya kitu kingine chochote.

Nilikuta mkasa kwenye ofisi moja nyumbani nilipokuja likizo. Seva inasajiliwa, inapewa cheti, dakika hiyohiyo inakataa kushusha, eti cheti hakijaanza kutumika. Wamehangaika nayo wiki nzima. Nikapiga `date`, inasema 04:12. Nikatazama ukutani, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Nikauliza nani aliweka saa kwenye hii mashine. Kijana mmoja akanyoosha mkono: betri ya bodi mama ilikufa, akaweka mpya, akaingia kwenye baiosi akaseti saa aliyoiona kwenye simu ya bosi. Simu ya bosi ina programu ya saa za Kiswahili.

Mashine iko nyuma saa sita kamili. Cheti kimetolewa saa nne asubuhi, mashine inaamini ni alfajiri, kwa hiyo kwake hicho cheti ni cha baadaye.

#12 Ngoja Ngoja
😂😂😂 Karanga zimenipalia. Saa ya Kiswahili kwenye baiosi!

#13 Shaba ya Mnazi
Salamu kutoka Mombasa. #11 hiyo umetunga bana, chronyd (programu ya kusawazisha saa kupitia mtandao) ingerekebisha.

#14 Mswahili wa Maskati
Ingerekebisha kama faiwoli ingeruhusu UDP 123, mlango wa kusawazisha saa, itoke. Ilikuwa imefungwa. Sijatunga, na yule kijana tunaheshimiana mpaka leo.

#15 kaskazi2
Saa haiwezi kuleta 410. Tutenganishe haya mambo jamani, maana naona yote yanatiwa chungu kimoja.

410 ni jibu la seva ya usajili, subscription.rhsm.redhat.com. Maana yake: nimekuelewa, ulikuwepo, nimekufuta. Saa ikiwa mbovu, mazungumzo yanaweza kukatika wakati wa kukagua vyeti, hufiki hata kwenye jibu hilo. Na ukipata 403 unapovuta ripo, hiyo inatoka cdn.redhat.com, hazina ya kushushia: wewe nakujua ila hiki hupewi. Milango miwili, wenye nyumba wawili. Fundi aseme aligonga upi.

#16 Fundi Mchundo
410 niliiona Jumatatu. Siku zilizofuata, nikiwa mkweli, niliona tu imeandika kosa nikasajili upya. Sikusoma namba.

#17 kaskazi2
Fundi mchundo kweli wewe.

#18 Dalali wa Vipuri
Kwani mnateseka na nini? Futa hiyo, weka AlmaLinux au Rocky, mifumo inayofanana na Red Hat, bure, hakuna kusajili. Tuliokuwa CentOS, nakala ya bure ya Red Hat, tumeshahama zamani.

#19 Babu Terminali
Dalali, tuliokuwa CentOS tuna kidonda. Toleo la 8 tuliambiwa litaishi hadi 2029. Desemba 2020 likatoka tangazo kwamba mwisho ni 31 Desemba 2021. Mimi nilikuwa nimemaliza kuhamisha seva ya kumi na moja siku chache kabla. Na la 7 nalo likafuata 30 Juni 2024.

#20 Mama Ripo
Na si kila mtu anaweza kuhama. Muuza mfumo anakuandikia kwenye mkataba jina la mfumo endeshi na toleo lake. SAP HANA (hifadhidata ya kampuni ya SAP) kwa mfano hukuti orodha ndefu, ni Red Hat au SUSE. Ukiweka kingine siku mfumo ukianguka unaambiwa kwanza rudisha tulichokubaliana.

#21 Dalali wa Vipuri
Sawa, basi achukue ile huduma ya bure ya Red Hat kwa watengenezaji programu. Mashine 16.

#22 kaskazi2
Hiyo ni ya mtu binafsi. Tangu Februari 2021 unaruhusiwa mashine 16 na hata kuziweka kazini, lakini kwa jina lako wewe. Taasisi haiendeshi mfumo wake wa hesabu kwa akaunti ya kijana wa TEHAMA. Akiacha kazi anaondoka na viraka vyenu.

#23 Shaba ya Mnazi
Hii ya #22 nimeiona na macho. Akaunti ilikuwa ya jamaa mmoja, akahamia kazi ingine, akaingia siku moja kwa portali akaona list ya mashine hazijui, akazifuta zote. Hakukuwa na ubaya, alikuwa anasafisha tu. Kesho yake seva zote pale kwa ofisi ya zamani 410, 410, 410.

Fundi, nani mwingine ana neno la siri la hiyo akaunti yenu?

#24 Fundi Mchundo
Daah. Mimi, mkuu wa idara, na ile kampuni iliyotuuzia.

#25 Ngoja Ngoja
Kamera imemgeukia muuzaji.

#26 kaskazi2
Kabla hamjamnyonga muuzaji. Mama Ripo #6, maelezo yako yana shimo na nimelizunguka tangu asubuhi.

Tuseme ni mapacha, wana kitambulisho A. Jumatatu Fundi anasajili hesabu kwa `--force`: A inafutwa, hesabu inapata B. Hifadhidata imebaki na A iliyokufa, 410, sahihi kabisa. Anaisajili, inapata C. Sasa kila mmoja ana chake, undugu umekwisha. Iweje Jumanne B idondoke? Ukloni unaeleza kudondoka mara moja. Hauelezi zamu.

#27 Mama Ripo
Hmm.

Hapo umenibana.

#28 Babu Terminali
Nimefurahi kuona Mama Ripo kabanwa. Tangu 2019 nangoja siku hii.

#29 Mama Ripo
Babu nawe uliambatisha nini humu?

Fundi, swali. Baada ya kusajili na kupiga viraka, ulirudisha snepshoti (nakala ya hali ya mashine ya awali) wakati wowote?

#30 Fundi Mchundo
Jumatatu usiku ndiyo, kwenye ya hesabu. Viraka vilileta kanieli (kiini cha mfumo endeshi) mpya, mfumo ukagoma kuwaka, nikarudisha snepshoti ya asubuhi.

#31 Mama Ripo
Ahaa! Snepshoti ya asubuhi ina kitambulisho A. B imebaki portali haina mwenyewe, na seva imeamka na cheti cha marehemu. Jumanne 410. Kaskazi, shimo limezibwa.

#32 kaskazi2
Limezibwa la Jumanne. Jumatano ni ya hifadhidata. Nayo ilirudishwa?

#33 Fundi Mchundo
Hiyo sikuigusa. Ila kuna programu ya bakapu inafanya mambo yake usiku, siijui vizuri.

#34 Mswahili wa Maskati
Narudi na saa yangu. Hosti (kompyuta halisi zinazobeba hizo mashine pepe) ziko ngapi?

#35 Fundi Mchundo
Mbili. Mashine zinahama zenyewe kutegemea mzigo.

#36 Mswahili wa Maskati
Basi mimi nimemaliza. Hosti moja saa yake mbovu. Mashine pepe ikiwashwa juu yake inarithi saa ya mwenyeji wake, na kama chronyd hapati mtandao inabaki hivyo. Leo hesabu iko kwenye hosti mbovu, inakataa vyeti. Kesho imehamishwa, imepona, na mwenzake kaangukia kulekule. Hiyo ndiyo zamu. Ya Jumatatu iwe 410 na ukloni wenu, sina ugomvi. Jumanne na Jumatano hakusoma namba, kasema mwenyewe #16.

#37 Ngoja Ngoja
Kesi imekuwa ngumu. Mahakama ipumzike, mimi nakimbilia chapati.

#38 Mkalimani wa Prokisi
Nimechelewa uzi. Kwetu seva hazitoki moja kwa moja, zinapita prokisi (seva ya kati ya kutokea intaneti), na kuna kifaa kinafungua mawasiliano yote kukagua ndani. Kusajili kulikubali vizuri, kushusha kukagoma. Sababu: hazina yao inataka mashine ioneshe cheti chake yenyewe, na kile kifaa katikati kinaonesha cheti chake kifaa. Dawa ni kuwaambia watu wa mtandao wasifungue mawasiliano ya subscription.rhsm.redhat.com wala cdn.redhat.com.

Nyongeza: prokisi ukiiandika kwenye /etc/dnf/dnf.conf, subscription-manager haiisomi. Iandike kwenye /etc/rhsm/rhsm.conf, proxy_hostname na proxy_port. Na usihariri redhat.repo kwa mkono, inaandikwa upya yenyewe. Utahariri mpaka uchoke.

#39 Fundi Mchundo
Prokisi ipo. Ilibadilishwa mwezi jana.

#40 kaskazi2
Kwa nini hukusema #1!

#41 Babu Terminali
Mgonjwa akifika kwa daktari anasema kichwa tu. Ya tumbo anayakumbuka akiwa mlangoni anatoka.

#42 Seva ya Kijijini
Sisi hatuna intaneti kwenye chumba cha seva, tunatumia Satellite, seva ya Red Hat inayowekwa ndani ya ofisi, inashusha mara moja seva zingine zinavuta kwake. Yenyewe mapacha inawakamata mapema: ukisajili mashine yenye namba ya ubao inayofanana na nyingine inakataa, inakutajia na jina la mwenzake. Kuna mashine nzima tulizinunua na namba zao zinafanana kutoka kiwandani, tukalazimika kuziandikia namba za bandia kwenye /etc/rhsm/facts/.

Fundi angalia pia mstari wa hostname kwenye rhsm.conf. Kama muuzaji aliwahi kuzisajili kwenye Satellite yake, unaweza kukuta bado inaelekea kwake.

#43 Shaba ya Mnazi
Na kama neno lako la siri lina alama ya mshangao, usiliandike kwa amri. Bash (programu inayosoma amri) inaligeuza kitu kingine unaambiwa umekosea. Nililia siku moja nzima juu ya hiyo. Halafu linabaki kwa historia, yeyote akibonyeza mshale wa juu analiona. Tumia ufunguo wa kuamilisha na namba ya shirika, `--activationkey` na `--org`. Namba ya shirika si ile namba ya akaunti, ziko tofauti.

#44 Dalali wa Vipuri
Ubuntu Pro, huduma ya viraka ya mfumo wa Ubuntu, ni `pro attach` na tokeni, umemaliza, mashine tano bure kwa mtu binafsi. Nasema tu.

#45 Babu Terminali
Na hiyo nayo ni kusajili, Dalali. Umetoroka mvua ukaingia mtoni.

#46 Fundi Mchundo
Wakuu mrejesho. Jana usiku nilikaa nazo mpaka saa saba. Zote mbili nimepiga `subscription-manager clean`, nimesajili upya kwa ufunguo bila `--force`. Saa: hosti moja ilikuwa nyuma dakika 47, nimeirekebisha na UDP 123 imefunguliwa. Prokisi mpya nimeiandika kwenye rhsm.conf, na watu wa mtandao wameziweka zile anwani mbili pembeni, hazifunguliwi tena. Nimepiga snepshoti mpya, za zamani nimefuta. Neno la siri la akaunti limebadilishwa, muuzaji hana tena.

Leo asubuhi zote mbili zimeamka, zote zinavuta. Mungu awabariki.

#47 Mama Ripo
Hongera. Namba za utambulisho kabla hujapiga clean zilikuwaje? Zilifanana?

#48 Fundi Mchundo
Sikuangalia.

#49 kaskazi2
rhsm.log ya wiki hii itakuwa nazo. Tafuta humo.

#50 Fundi Mchundo
/var (sehemu ya diski yenye kumbukumbu za mfumo) ilikuwa imejaa asilimia 100, nilifuta kumbukumbu zote ndipo nikaanza.

#51 kaskazi2
...

#52 Seva ya Kijijini
Ngoja, /var ilikuwa imejaa? Tangu lini? Maana /var ikijaa dnf haiwezi kuandika kashe yake, na hilo nalo linaleta kosa.

#53 Ngoja Ngoja
Nimerudi na chapati. Nani kashinda?

#54 Mama Ripo
Snepshoti.

#55 Mswahili wa Maskati
Dakika 47, Mama. Arobaini na saba.

#56 Fundi Mchundo
Samahani wakuu, bado mpo? Ya hesabu inaniambia kuna kanieli mpya. Nipige sasa hivi au nisubiri Ijumaa?

#57 Babu Terminali
Ijumaa?! Vueni kebo jamani, mtu huyu asifike Ijumaa.